Maji ya Frigo

Mama alikaa hospitali siku kumi na moja, na siku ya kutoka muuguzi alimsimamisha mlangoni. Niliyasikia maneno yake kwa sababu nilikuwa nyuma yao, nimebeba ndoo na mkeka.

“Mama Bertille, kifua chako kimejaa moshi. Si moshi wa samaki tu. Hata mbabula ya makala, kwako ni moshi uleule. Ukiurudia moto utarudi hapa, na sijui kama utatoka tena kwa miguu yako.”

Mama alikuwa amekausha samaki kwa moto ufukweni mwa ziwa miaka ishirini na sita. Alimwitikia muuguzi kwa adabu, akapanda pikipiki. Tulipofika nyumbani aliketi barazani, akaniuliza swali moja.

“Syntiche, na Éliane nani atamukanda?”

Yaya Éliane, yaani dada yangu mkubwa, alikuwa na mimba ya miezi mitano, mimba yake ya kwanza. Kwetu binti akizaa mara ya kwanza anarudi kwa mama yake, na mama ndiye anayemkanda. Kila asubuhi na kila jioni, siku arobaini, anachovya taulo kwenye maji ya moto, analikamua, analikandamiza tumboni, kiunoni na mgongoni mwa mzazi, mpaka mwili urudi mahali pake. Maji hayo ni sufuria mbili kubwa kila mara. Yanataka mbabula, jiko letu la makaa, na makala hayo yanataka mtu wa kuyapuliza.

Kwa chakula tulikuwa tumepata njia. Nilipika mara moja kwa siku, mwisho kabisa wa ua, na mama alikwenda kukaa kwa jirani mpaka nimalize. Lakini mtoto angezaliwa mwezi wa kumi na moja, wakati wa mvua. Mvua ikinyesha, mbabula inaingia barazani na moshi unaingia ndani. Tena mtu anayekanda hawezi kukaa kwa jirani. Anakaa hapohapo, karibu na maji yake.

Habari ilivuka daraja la mto Lukuga ikamfikia Mama Denise, mama mkwe wa Yaya. Alikuja siku ya Jumapili na kitenge chake cha kanisani, ameleta unga wa muhogo na ndizi. Hakuwa mtu mbaya. Alisema pole mara tatu kabla ya kusema kilichomleta.

“Mama Bertille, mimi sikuje kugombana. Lakini nyumba hii haiwezi tena kuwasha moto, na haiko kosa yako. Éliane akisha kuzaa, nitamuchukua yeye na mutoto. Kwangu moto hauzimike.”

“Bado miezi mine,” mama alisema. “Tutaona.”

“Tutaona nini, mama? Moto njo moto.”

Alipoondoka, mama alikaa na unga ule mapajani bila kuupeleka ndani. “Mimi nilikandwa na mama yangu,” alisema, “na yeye alikandwa na mama yake. Sasa mutoto wangu wa kwanza atakandwa ng’ambo ile, na mimi niende kumusalimia saa kumi kama mugeni?”

Niliuchukua unga ule nikaupeleka ndani. 

Kazi yangu iko kwa mjomba Adalbert, karibu na bandari. Anatengeneza frigo, yaani majokofu ya wauza samaki na ya watu wa baa. Nilianza kwake kwa kufagia, nilipoacha shule mwaka wa nne. Sasa mimi ndiye ninayechomea mabomba ya shaba, kwa sababu mkono wake umeanza kutetemeka. Wateja wanaongea na mjomba, mimi naongea na mabomba, na kila mtu anaridhika.

Juma moja la mwezi wa tisa tulikuwa tumejaza gesi kwenye frigo moja kubwa ya samaki. Ili kujua kama inafanya kazi, mimi huweka mkono nyuma yake, pale penye bomba jeusi lililokunjwakunjwa. Bomba likiwa la moto, ndani kuna baridi. Nimelishika bomba hilo mamia ya mara, na sikuwahi kuuliza joto lile linatoka wapi. Siku hiyo niliuliza.

“Linatoka ndani,” mjomba alisema. “Muntu anafikiri frigo inatengeneza baridi. Hapana. Inachukua joto la samaki, inalibebesha gesi, inakwenda kulitupa nyuma. Njo kazi yake yote. Ni mubebaji.”

“Na kama tungelitupa ndani ya maji?”

Aliacha kufunga parafujo. “Maji ya nini?”

Nikamwambia. Nilisema nikiwa natazama sakafu, lakini nilisema yote: mama, mbabula, Mama Denise, siku arobaini.

“Si ununue resistansi? Ile chuma ya kutumbukiza kwenye ndoo?”

“Umeme wa mtaa wetu hauiwezi, mjomba. Jirani alijaribu. Nyumba sita za waya ule zilibaki bila umeme, na zote sita zilimtukana.”

Alicheka, halafu akafikiri. “Ni kweli. Resistansi inatengeneza joto lote yenyewe, kwa hiyo inakula umeme mwingi. Hii ya kwako ingelibeba tu joto ambalo liko. Na hapa Kalemie hewa ina joto la kutosha mchana na usiku, hakuna anayelidai.” Akarudia kufunga parafujo yake. “Tafuta motere. Ya ile frigo iliyooza mwili iko nzima.”

Motere ni lile tufe jeusi linalonguruma chini ya frigo. Ndiyo inayosukuma gesi. Niliitoa, nikaisafisha. Kisha nikakusanya bomba la shaba kutoka kwenye mashine za hewa baridi zilizokufa, mita kumi na tano, nikaliviringisha polepole kwenye gogo ili lisivunjike. Ukilivuta kwa haraka linajikunja kama mrija wa soda, na pale lilipojikunja gesi haipiti tena. Nikaliteremsha ndani ya pipa la plastiki la bluu, lita sitini, na viungo vyote nikavichomea nje ya maji. Upande wa pili tulifunga mtego wa mabomba na mabati membamba wa mashine ya hewa, pamoja na feni yake. Huo ungekaa nje, chini ya paa, ukikamata joto la hewa. Kati ya pande hizo mbili tukaweka kibomba chembamba kama uzi wa kiatu, ambamo gesi inapita kwa taabu, na ikitoka upande wa pili inapoa ghafla. Nilipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kutafuta mahali panapovuja. Mwisho nikalivika pipa godoro la sponji na blanketi, nikalifunga kwa vipande vya mpira wa gurudumu.

Ilichukua wiki tatu, saa za jioni. Bwana Exaucé, mwenye baa, alikuja kuchukua frigo yake akaniona ninalivika pipa blanketi.

“Adalbert, huyu binti anafanya nini? Pipa linasikia baridi?”

“Anatengeneza frigo ya kuchemsha maji.”

“Frigo ya kuchemsha!” Exaucé alipiga makofi. “Basi kesho nitagandisha barafu kwenye mbabula. Syntiche, ukimaliza hiyo nitengenezee na mwavuli wa kuleta mvua.”

Niliingia ndani ya duka nikajifanya natafuta koleo.

Tuliifunga nyumbani mwezi wa kumi. Niliiwasha saa sita mchana. Feni ilizunguka, motere ikanguruma, taa ya ndani ikafifia kidogo halafu ikatulia. Mama alikaa mbele ya pipa na mikono yake mapajani kama mtu aliye kanisani. Saa nane na nusu motere ikajizima yenyewe, kama ilivyopaswa. Kila motere ina kinga ndogo pembeni, kama kifuniko cha chupa. Joto likizidi inakata umeme, motere ikipoa inaurudisha. Nilitumbukiza kipima-joto cha mjomba. Hamsini na mbili.

Mama alinusa hewa. Hakuangalia kipima-joto. “Haina moshi,” alisema. “Hata kidogo.” Akasimama, akachota ndoo, akaenda kuoga, na nilimsikia anaimba bafuni. Mimi niliona kazi imekwisha. Hakuna aliyefikiri siku ile kuchovya taulo.

Mtoto alizaliwa tarehe kumi na mbili ya mwezi wa kumi na moja, wa kike. Prospère, mume wa Yaya, akampa jina la Sonia. Siku ya tatu walirudi kwetu, Yaya akalazwa kwenye mkeka, mama akajifunga kitenge kiunoni na kupiga magoti. Alichovya taulo. Akalikamua. Akasimamisha mikono.

“Hii maji imelala.”

“Mama, ni hamsini na mbili.”

“Sijue hamsini. Taulo ya kukanda, ukiikamua, mukono unajua. Huu mukono hausikie kitu.”

Akakanda hivyohivyo, bila furaha, kama mtu anayepika bila chumvi. Yaya alilala kifudifudi, kimya.

Alfajiri ya kesho yake niliamshwa na kikohozi. Mama alikuwa barazani, amefunga kitambaa puani, anapuliza mbabula kwa kifuniko cha sufuria. Mvua ilikuwa inanyesha na moshi haukuwa na mahali pa kwenda.

“Mama, acha!”

“Nyamaza, utamuamusha mutoto.” Akakohoa mpaka akashika nguzo. “Sitamukanda kwa maji ya kuoshea vikombe.”

Basi nikafanya jambo ambalo mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anafukuzwa kwalo. Niliondoa kinga ya motere. Nyaya mbili tu, nikaziunganisha moja kwa moja. Sasa hakuna kilichoizuia motere kuendelea. Maji yalipanda mpaka hamsini na nane, sitini na mbili, sitini na saba. Mama akachovya, akakamua, na uso wake wote ukafunguka.

“Sasa hii njo maji!”

Alikanda kwa nguvu, akiongea na Yaya, akimsimulia jinsi bibi yetu alivyokuwa akimkanda yeye. Yaya alikuwa ameuma pembe ya mto. Niliona hilo, na nilifikiri ni uchovu wa mtu aliyezaa. Furaha ilinizuia kuona vizuri. Siku nne mama hakukohoa. Mama Denise alipita kusalimia, akalizunguka pipa lile mara mbili, akasema, “Kweli, frigo?” akarudi kwake.

Siku ya tano, mchana, nilisikia harufu ya sukari iliyoungua. Feni ilikuwa inazunguka lakini motere ilikuwa kimya. Niliigusa na kidole changu kikapata lengelenge.

Mama hakunilaumu. Alisema tu, “Basi,” akaenda kutoa mbabula. Siku mbili zilizofuata alikanda kwa maji ya makala, na usiku kucha alilala ameketi kwa sababu akilala chali hapumui. Prospère alipokuja kumwona mtoto alimkuta hivyo. Jioni ya Alhamisi tukapata ujumbe kutoka ng’ambo: Mama Denise atakuja Jumapili baada ya misa, na gari. Vitu vya mtoto vifungwe.

Ijumaa asubuhi nilimpelekea mjomba motere ile kwenye mfuko. Aliinusa tu.

“Ulitoa kinga.”

“Ndiyo.”

“Mimi nilikufundisha hivyo?”

“Hapana, mjomba. Maji yalikuwa yamelala.”

“Nani alisema yamelala?”

“Mama.”

Aliketi juu ya kreti. “Kinga njo mudomo wa motere, Syntiche. Inasema, nimechoka, ngojeni. Weye umeifunga mudomo, halafu unashangaa imekufa bila kusema.” Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Baadaye akaenda nyuma ya duka, akarudi na motere nyingine, ya frigo aliyokuwa anaitengeneza kwa nyumba yake mwenyewe. “Hii ikiungua usije kutafuta nyingine. Uje na mama yako, nimuulize kipimo chake anakitoa wapi.”

Njiani kwenye pikipiki, motere mapajani, maneno hayo ya mwisho hayakunitoka. Kipimo chake anakitoa wapi. Sikuwa nimejiuliza. Mama akisema moto, ni moto. Akisema baridi, ni baridi. Ndivyo nilivyokua.

Nilipofika, mama alikuwa uani na mbabula. Niliingia ndani kuchukua vyombo vyangu, nikamkuta Yaya amekaa kitandani, ameteremsha kitenge mpaka kiunoni, anajaribu kujipaka mafuta mgongoni na mkono haufiki.

Mgongo wake ulikuwa mwekundu kutoka mabegani mpaka kiunoni. Mahali pengine ngozi ilikuwa imeinuka.

“Yaya, hii nini?”

“Funga mulango.”

“Ni taulo?”

“Syntiche, funga mulango kwanza.” Nilifunga. “Usimuambie mama.”

“Kwa nini hukusema?”

“Nitasema namna gani? Muzazi anayelia kwa sababu ya taulo, bamama bote ba mtaa banamucheka mwaka muzima. Na mama umemuona, alivyofurahi? Nilijiambia, siku arobaini zitapita.” Alinipa chupa ya mafuta. “Paka. Polepole.”

Nilimpaka mpaka kiunoni. Kisha nikachukua kipima-joto nikaenda uani. Mama alikuwa amegeuka kutafuta taulo. Nilikitumbukiza kwenye sufuria. Sitini na tisa, na yalikuwa bado hayajachemka.

Kaa moja lilianguka kutoka kwenye mbabula, jekundu. Mama aliinama, akaliokota kwa vidole viwili, akalirudisha mahali pake. Hakufanya haraka. Alilirudisha kama mtu anavyorudisha kifungo kilichoanguka.

Nilisimama pale. Miaka ishirini na sita aligeuza samaki juu ya nyavu za waya, na moto chini yake, kwa vidole hivyohivyo. Viganja vyake ni vigumu na vinang’aa kama ngozi ya ngoma. Nimeviona maisha yangu yote, na bado nilikuwa nimeziweka nyaya zangu kwa amri ya viganja hivyo. Niliua motere ili kuviridhisha.

Jumamosi asubuhi Yaya alijifanya bado amelala, asikandwe, na mimi nilianza kazi mapema. Nilikata, nikachomea, nikavuta hewa yote kwenye mabomba, nikajaza gesi, na kinga nikaiacha mahali pake. Saa nane maji yalifika hamsini na mbili. Yaya alikuwa ndani ananyonyesha. Nilichota beseni moja kutoka kwenye pipa. Beseni la pili nikalijaza maji ya sufuria ya mama. Nikayafunika yote mawili kwa kitenge kimoja ili mvuke usionekane, nikamwita mama.

“Chovya mukono hapa na hapa, utoe upesi. Uniambie ipi ni ya moto zaidi.”

“Unanichezea, mutoto weye?”

“Hapana, mama.”

Alinitazama, labda kwa sababu huwa simwagizi kitu. Akaingiza mikono chini ya kitenge, akaitoa. Akaingiza tena. Akabadilisha mikono.

“Yote imelala,” alisema. “Hii ya kushoto labda iko moto kidogo.”

Ya kushoto ilikuwa ya pipa.  Ningeweza kuyamwaga mabeseni yale na kusema asante mama, na kesho gari lingekuja.

“Mama, ya kulia ni ya makala. Mimi siwezi kuweka hata kidole. Ni mikono yako. Mikono yako haisikie tena.”

“Nani amekutuma kusema hivyo?”

“Hakuna muntu.”

“Ni Denise?”

“Hapana. Nenda uangalie mugongo wa Yaya.”

Alikwenda. Nilibaki nimekaa kati ya mabeseni mawili.   Alipotoka aliketi kwenye kigoda, akasugua kiganja kimoja juu ya kingine, polepole, mara nyingi.

“Siku ngapi nimemuunguza?”

“Saba.”

“Na hakusema.”

“Hakusema.”

“Na mimi sikusemaka kwa mama yangu,” alisema. “Mikono ya mama yangu ilikuwa kama hii.” Akaitazama. “Nilikuwa nafikiri kwamba njo inatakiwa hivyo. Kwamba inauma kwa sababu inaponya.”

Jioni hiyo hakukandwa mtu. Mama alikwenda mwenyewe zahanati kuomba dawa ya kupaka, na alipoulizwa aliyeungua ni nani alisema ukweli. Mbabula ilibaki mwisho wa ua, imezimika.

Jumapili nilitumaini tungezungumza na Mama Denise juu ya mashine tu. Maji yako tayari, moshi hakuna, mama anaweza kukanda, rudini salama. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo tangu asubuhi, kwa sababu nilijua nitaogopa. Lakini gari liliposimama na Mama Denise akaingia uani na Prospère nyuma yake, mama alisimama kabla sijafungua mdomo.

“Mama Denise, kabla hamujabeba kitu, sikia kwanza. Nilimuunguza Éliane. Nilimukanda siku saba kwa maji ya kunyonyolea kuku, kwa sababu mikono yangu haisikie moto tena. Mugongo wake umeharibika. Ni mimi. Nilitaka usikie kwangu.”

Nilitamani ardhi inifunike. Alikuwa amewapa Yaya kwa mdomo wake mwenyewe.

 Mama Denise aliingia ndani, na Prospère alipotaka kumfuata alimzuia kwa mkono. Alipotoka alikuwa amembeba Sonia. Akaketi. Akasema, “Bertille,” bila mama, kama wanawake waliokua pamoja. “Hayo maji ya mashine yako wapi?”

Nilichota beseni. Nilimwekea miguuni. Alichovya mkono, akautoa kama aliyeng’atwa.

“Ayi! Na hii njo mulikuwa munasema imelala?”

Prospère alicheka, akanyamaza alipoona hakuna mwingine anayecheka. Mama Denise aliufuta mkono wake kwenye kitenge, akachovya tena, safari hii polepole, akauacha humo kidogo.

“Mimi ningeichemsha zaidi,” alisema. “Kwa ukweli wa Mungu, ningeichemsha. Binti yangu Chancelle nilimukanda siku arobaini, na hakulia hata siku moja. Nilikuwa najisifu sokoni. Binti yangu ni chuma.” Alimtazama Prospère. “Dada yako alikuwa anauma nini? Mto? Kitenge? Sikuangaliaka.”

 Feni ilizunguka. Kisha sauti ya Yaya ikatoka ndani, mlango ukiwa wazi.

“Mimi nabaki kwa mama.”

“Nani amekuuliza?” mama alisema.

“Hakuna. Nasema tu. Nabaki, lakini nitasema kama ni moto. Nitasema kila siku.”

“Na bamama ba mtaa bakicheka?” Mama Denise aliuliza.

“Bacheke. Baje kulala hapa na mugongo wangu.”

Mama Denise alicheka kwanza, kicheko cha tumbo kilichomtikisa mtoto, na mama akafuata, akacheka mpaka akashika kifua, na sisi wote tukamtazama kwa hofu. Hakukohoa. Alituambia tuache kumkodolea macho.

“Prospère,” Mama Denise alisema, “muambie muntu wa gari arudi. Sitamuchukua mutoto wa watu kutoka kwa mama anayesema makosa yake. Mimi ya kwangu sijaisema kwa Chancelle bado.” Halafu akanigeukia mimi. “Na weye, muntu wa frigo, kuja unionyeshe hii kitu inafanya namna gani. Sema kwa sauti, mimi masikio yangu ni ya zamani.”

Nilimwonyesha. Nilimwambia habari ya joto la hewa, gesi inayolibeba, pipa linalolipokea. Nadhani nilisema kwa muda mrefu, kwa sababu nilipomaliza mtoto alikuwa amelala na Prospère alikuwa amechuchumaa anatazama kibomba chembamba. Mama Denise alisikiliza yote, akauliza kama inaweza kuchoma mihogo, nikasema hapana, akasema basi bado kazi iko.

Mgongo haukuguswa tena mpaka ulipopona. Mama alimkanda Yaya tumbo na miguu tu, na namna ya kukanda ilibadilika. Alichovya taulo, akalikamua, lakini hakulishusha. Alilishika juu ya ngozi na kungoja.

“Sema.”

“Bado.”

“Sasa?”

“Shusha. Hapo. Kandamiza, mama, usiogope.”

Maji ya hamsini na mbili hayana ukali, kwa hiyo mama aliweka nguvu mahali ambapo zamani aliweka moto. Alibonyeza kwa muda mrefu, kwa kisigino cha mkono, kwa uzito wake wote. Jasho lilimtoka, na pumzi yake ilikuwa nzuri. Yaya naye alizoea kusema, na alipozoea hakunyamaza tena. Chini kidogo. Sasa juu. Taulo limepoa. Mama, unanisikia? Siku ya kumi na tisa alimwambia mama kwamba anakanda kama mtu anayekanda unga wa mikate, mama akamwambia achukue taulo ajikande mwenyewe, wakagombana hivyo kwa sauti kubwa, mmoja amelala na mwingine amepiga magoti, mpaka Sonia akaamka.

Nikamchukua mtoto. Nikatoka naye nje, nikakaa naye upande wa feni, penye ubaridi.